Kati ya Januari na Pasaka: Mwongozo wa Kufuatilia Masomo kwa Wazazi wa Butembo na Beni

Muhula wa pili wa shule za msingi nchini Kongo, unaoanza mapema Januari na kuishia karibu na Pasaka, ndio ambao wazazi huupa uzito mdogo kuliko mingine, ilhali ndio unaoamua mengi. Muhula wa kwanza una pilikapilika za Septemba za kutafuta madaftari na sare, na wa tatu una hofu ya mitihani ya mwisho. Katikati ya mihula hiyo miwili mzazi wa Butembo au Beni hurudia biashara na shamba, hasa kwa kuwa mvua za Machi hutanguliwa na kulima na kupanda, na mikono ya watoto huhitajika huko. Hata hivyo mtoto aliyeanza kulegea Januari bado anaweza kusaidiwa akasimama, lakini yule ambaye ulegevu wake unagunduliwa Juni huwa hana lililobaki isipokuwa kurudia darasa. Mwongozo huu unaeleza namna mzazi anavyoweza kupata habari mapema, azipate kwa nani na kwa njia ipi, bila kungoja shule imwite.

Kinachohitajika kwanza ni kuelewa jinsi pointi zinavyokusanywa. Mwaka wa shule ya msingi una mihula mitatu, na kila muhula una periodi mbili na mtihani mmoja. Periodi ni wiki kadhaa ambazo mwalimu hukusanya pointi za maswali ya darasani, kazi za nyumbani na majaribio madogo. Kati ya Januari na Pasaka, basi, mtoto wa msingi hupita periodi ya tatu na ya nne, kisha huingia mtihani. Katika sekondari mwaka hugawanywa katika semesta mbili, zenye periodi nne na mitihani miwili kwa jumla, na tarehe zake husomwa katika kalenda ambayo wizara huitoa kila mwaka. Kwa desturi mtihani una uzito sawa na periodi mbili zikijumlishwa, maana yake nusu ya pointi za muhula huwa zimekwisha kupatikana au kupotea kabla mtoto hajakaa mtihanini. Mzazi anayeulizia pointi mara periodi ya tatu inapofungwa hujua robo ya muhula ikoje, na bado ana robo nyingine mbele yake kabla ya mtihani kufika.

Pointi zote huandikwa katika buletini, yaani karatasi ya matokeo, ambayo kwa kila somo huonyesha upeo wa pointi na kiasi alichopata mtoto. Wazazi wengi hutazama asilimia iliyo chini ya ukurasa na nafasi ya mtoto darasani, wakatia saini na kuirudisha. Haraka hiyo ina hasara. Mtoto mwenye asilimia 58 huonekana amefaulu, kwa kuwa kipimo cha kufaulu ni nusu, lakini huenda asilimia hiyo imebebwa na dini, michezo na uraia, huku Kifaransa na hesabu vikiwa chini ya nusu. Naye akipanda darasa hali ikiwa hivyo, pengo hilo hupanda pamoja naye. Buletini inafaa kusomwa mstari kwa mstari, mzazi akitafuta pointi zilizo chini ya nusu ya upeo, ambazo walimu wengi huziandika kwa wino mwekundu, na akilinganisha safu ya periodi moja na ya periodi iliyofuata. Somo lililoshuka kutoka 16 hadi 11 kati ya 20 halina wino mwekundu, na kwa hiyo halimshtui mtu, ingawa ndilo linalostahili swali. Mistari ya mwisho, inayohusu bidii na mwenendo, nayo haipaswi kurukwa, kwa sababu mara nyingi utoro au usingizi wa darasani huonekana hapo kabla haujaonekana katika hesabu.

Swali likishapatikana, lazima lipelekwe kwa mtu anayeweza kulijibu. Katika shule ya msingi mtu huyo ni mwalimu wa darasa, naye mkuu wa shule huitwa direkta. Katika sekondari, ambako kila somo lina mwalimu wake, mwalimu mmoja hupewa jukumu la darasa zima na huitwa titulere, juu yake kuna mkurugenzi wa masomo na mkurugenzi wa nidhamu, na wote wako chini ya prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Mzazi anayeanzia kwa prefe kwa jambo la daftari la jiografia hupoteza siku yake na kumuudhi titulere bila sababu, naye anayeishia kwa titulere kwa jambo la mtoto kupigwa au kudaiwa pesa zisizojulikana huwa hajafika mahali panapostahili. Juu ya shule kuna ofisi nyingine. Shule nyingi za Butembo na Beni ni za mkataba, yaani ni za umma lakini zinasimamiwa na dini kufuatana na makubaliano ambayo Serikali na makanisa walitia saini mwaka 1977, na kila dini ina ofisi yake ya uratibu, iwe ya Kanisa Katoliki katika Dayosisi ya Butembo-Beni, iwe ya jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA, au ya Waislamu. Serikali yenyewe ina ofisi ya mkoa wa elimu wa Kivu Kaskazini ya Pili, yenye makao Butembo, pamoja na ofisi ndogo zilizo chini yake. Malalamiko yaliyoandikwa kwa ukurasa mmoja, yenye tarehe na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, husikilizwa kwa makini zaidi kuliko manung'uniko ya baada ya misa.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo halizungumzwi sana. Tangu migomo ya walimu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wa Kongo walichukua mzigo wa kuwalipa walimu nyongeza iliyoitwa prime, na mtoto ambaye hajalipiwa alirudishwa nyumbani. Utaratibu huo uliwaumiza maskini, na kuondolewa kwake katika shule za msingi za umma kuanzia Septemba 2019, kwa kutekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, ni jambo la haki. Lakini utaratibu huo ulikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia: kila mzazi alilazimika kufika shuleni mara kadhaa kwa mwaka, na akiwa mbele ya meza ya mpokea pesa alimkuta direkta, akasikia habari za mtoto. Tangu malipo yaondoke, na madarasa kujaa watoto waliokuwa nje ya shule, mzazi wa msingi anaweza kumaliza mwaka bila kuvuka lango la shule, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumtafuta. Safari iliyokuwa ya lazima imekuwa ya hiari, kwa hiyo inabidi ipangiwe siku. Ziara mbili katika muhula zinatosha kwa mtoto asiye na shida, moja mara periodi ya tatu inapofungwa na nyingine kabla ya mtihani, nazo zifanyike saa ambayo mwalimu hayuko mbele ya watoto, baada ya kumpelekea ujumbe siku iliyotangulia.

Zaidi ya ziara ya mzazi mmoja kuna vyombo vya wazazi wote. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inayoweka misingi ya elimu ya taifa, inawatambua wazazi kuwa washirika katika uendeshaji wa shule, na ushirika huo hupita katika kamati mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. COPA ni komite ya wazazi, inayochaguliwa katika mkutano mkuu wao, na kazi yake ni kupeleka sauti yao kwa uongozi. COGES ni komite ya uendeshaji wa shule, ambamo mkuu wa shule hukaa pamoja na wajumbe wa walimu na wa wazazi ili kupanga matumizi na kuyakagua. Mkutano mkuu wa wazazi mara nyingi hufanyika mwanzoni mwa mwaka, watu wakapiga makofi, wakachagua wale wale, wakaondoka. Muhula wa pili ndio wakati mwafaka wa kuomba mkutano mwingine, kwa kuwa sasa kuna hesabu za miezi minne za kuulizwa. Mzazi yeyote, hata asiye mjumbe, ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha pesa za uendeshaji kimefika kutoka Serikalini, kimenunua nini, ni walimu wangapi wa shule hiyo wasiopata mshahara wa Serikali, na wanaishije. Swali hilo la mwisho halipendwi, kwa sababu jibu lake ndilo chanzo cha michango mingi inayorudi kwa mlango wa nyuma chini ya majina mengine. Mchango ambao mkutano wa wazazi haukuujadili, na ambao hauna risiti, mzazi wa shule ya msingi ya umma ana sababu ya kuomba maelezo yake kwa maandishi.

Katika sekondari malipo yanaendelea, na viwango vyake huwekwa na gavana wa mkoa kwa amri inayotolewa kila mwaka wa shule. Nakala ya amri hiyo inapaswa kubandikwa mahali pa kuonekana. Mzazi ambaye mavuno yake au mzigo wake wa biashara umechelewa hufanya vizuri kumwona mkuu wa shule kabla ya tarehe ya malipo, wakaandikiana mpango wa kulipa kwa mafungu, kuliko kungoja mtoto atolewe darasani katikati ya somo la kemia.

Nyumbani, chombo chenye nguvu kuliko vyote ni jurnali ya darasa, daftari ambalo mwanafunzi huandika kila siku masomo yaliyofundishwa na kazi alizopewa, na ambalo shule nyingi hutaka mzazi alitie saini kila wiki. Saini hiyo imekuwa ya mazoea tu, kiasi kwamba watoto wa sekondari huigana ustadi wa kuighushi. Mzazi aliyesoma hulinganisha jurnali na daftari la somo, akaona kama kazi iliyoandikwa Jumanne ipo kweli na kama imesahihishwa. Mzazi asiyejua Kifaransa, au asiyejua kusoma kabisa, hayuko nje ya kazi hii, kwani kuna mambo mengi yanayoonekana bila kusoma: tarehe zinazofuatana au kurukwa, wino mwekundu wa mwalimu unaopatikana au kukosekana, kurasa zilizochanwa, daftari ambalo lilikuwa na kurasa thelathini zilizoandikwa Krismasi na bado lina thelathini mwishoni mwa Februari. Mtoto akiombwa kueleza kwa Kinande au kwa Kiswahili kile alichojifunza kwa Kifaransa, uwezo wake wa kueleza huonyesha kama ameelewa au amekariri. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa madarasa ya chini, kwa sababu watoto huanza masomo kwa lugha ya taifa au ya mahali, halafu Kifaransa huchukua nafasi ya lugha ya kufundishia, na mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu huonekana ghafla kuwa mzito, kumbe kinachomshinda ni lugha ya swali.

Njia za habari kati ya shule na nyumba zinastahili kupangwa kwa uangalifu, kwa kuwa kila moja ina udhaifu wake. Barua inayotumwa kwa mkono wa mtoto hufika pale mtoto anapotaka ifike. Tangazo la kanisani Jumapili huwafikia wengi, lakini si wa dini zote wala si waliokesha sokoni. Kundi la WhatsApp ni la haraka, ila wazazi wengi wana simu ndogo zisizo na intaneti, na makundi hayo hujaa sala, matangazo ya biashara na uvumi mpaka ujumbe wa shule unapotea. Kundi linalofaa ni lile ambalo uongozi wa shule na mwenyekiti wa COPA pekee ndio wanaoandika, ambalo habari zake muhimu hurudiwa kwa sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili au Kinande, na ambalo kila darasa lina wazazi wawili au watatu waliojitolea kuwapigia simu wasio na intaneti. Mfanyabiashara wa Butembo anayekaa wiki kadhaa safarini Dubai au Guangzhou, au anayeshinda mpakani Kasindi, anaweza kufuatilia kwa njia hiyo, lakini anapaswa kumtaja shuleni mtu mzima mmoja anayejibu kwa niaba yake, kwa jina kamili na namba ya simu. Shangazi, mjomba au koko anaweza kufanya kazi hiyo vizuri, mradi shule inamjua na yeye mwenyewe anajua kwamba ameteuliwa.

Kuhusu majina, wazazi wa eneo hili wana tahadhari ya ziada ambayo wa kwingine hawaihitaji. Majina ya Wanande hufuata mpangilio wa kuzaliwa, mvulana wa kwanza akiitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na msichana wa kwanza Masika. Kwa hiyo darasa moja huweza kuwa na akina Kambale sita, na ujumbe unaosema tu kwamba Kambale hakufika shuleni leo huwatia wasiwasi akina mama sita au, vibaya zaidi, hakuna hata mmoja anayeuchukua kuwa wake. Kila simu, ujumbe na karatasi itaje jina la mtoto kwa ukamilifu pamoja na darasa lake.

Sehemu nzito zaidi ya mwongozo huu inahusu siku ambazo shule haiendi kama kawaida. Mauaji ya raia katika eneo la Beni, ambayo yameongezeka tangu Oktoba 2014 na mengi yake kuhusishwa na waasi wa ADF, yamewafunza wazazi kwamba njia iliyokuwa salama asubuhi huenda isiwe salama mchana. Mwaka 2021 ni mfano wa jinsi muhula mmoja unavyoweza kuvurugwa na mambo mengi kwa pamoja: shule zilikuwa zimefungwa nchini kote kuanzia 18 Desemba 2020 kwa sababu ya COVID-19 na hazikufunguliwa hadi 22 Februari, tarehe 7 Februari Ebola ilitangazwa tena katika eneo la Butembo, miezi michache tu baada ya mlipuko mkubwa wa 2018 hadi 2020, ulioua watu zaidi ya 2,200, kumalizika, Aprili ikaja siku za miji iliyokufa, yaani siku ambazo shughuli zote husimamishwa kwa maandamano, na wanafunzi wa Beni wakaenda kukaa mbele ya ofisi ya meya kudai amani. Mzazi aliyekuwa na habari za uhakika katika miezi hiyo alikuwa na mtoto aliye nyumbani wakati wa hatari na aliye darasani wakati wa utulivu. Asiyekuwa nazo alifanya kinyume chake mara kadhaa.

Kutokana na uzoefu huo, COPA ya kila shule inafaa kukubaliana na uongozi, kabla ya Januari kwisha, juu ya mambo machache yanayojulikana kwa kila mzazi: ni nani pekee mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba shule imefungwa leo, tangazo hilo litapitia wapi, ikiwemo redio, kwa mfano Radio Moto ya Butembo-Beni au Radio Okapi, watoto watakaa ndani ya shule au watarudishwa ikiwa milio ya risasi itasikika wakiwa darasani, na ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Kosa la kawaida, na la hatari, ni wazazi wote kukimbilia shuleni kwa wakati mmoja, pikipiki na miguu vikijazana langoni, wakati direkta ameshafunga milango ili kuwahesabu watoto. Watoto wa komini za pembezoni za Beni, kama Mulekera na Ruwenzori, inafaa wapangiwe kutembea kwa makundi yanayojulikana, lakini saa na njia zao zisiandikwe katika kundi la simu lenye watu mia mbili. Wakati wa maradhi kanuni ni fupi: mtoto mwenye homa hapelekwi shuleni, kituo cha afya huarifiwa, na shule huulizwa kama maji na sabuni vya kunawia vipo langoni kila siku au siku ya ukaguzi tu.

Mgomo wa walimu nao ni sehemu ya kalenda isiyoandikwa, kama ilivyoonekana mwanzoni mwa mwaka wa shule 2024-2025, pale walimu wa shule za umma walipogoma katika sehemu mbalimbali za nchi wakidai mishahara bora. Mzazi anayemtukana mwalimu hapo hajengi kitu. Lililo la maana ni kuuliza, kazi inaporudi, masomo yaliyorukwa yatafidiwa vipi, siku zipi, na kama mtihani utapima yaliyofundishwa au yaliyopangwa kufundishwa.

Familia zilizohamishwa na vita, zikiwemo zilizotoka kusini mwa Lubero baada ya Kanyabayonga kutekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, hukabili kizingiti kingine, kwa kuwa mtoto hufika bila buletini. Shule inayompokea inaweza kumpima kwa mtihani mdogo wa kumweka katika darasa linalomfaa, na ofisi ndogo ya elimu huweza kusaidia kutafuta kumbukumbu zake. Picha ya buletini iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mji mwingine imewasaidia wengi wakati karatasi yenyewe ilipobaki katika nyumba iliyoachwa, na kila mzazi wa eneo hili anafaa kuwa nayo leo, hata kama hana nia ya kuhama.

Mwisho kuna madarasa ya watahiniwa: la sita la msingi, linalofanya mtihani wa taifa uitwao ENAFEP, la nane la elimu ya msingi, linalofanya TENASOSP, mtihani wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, na la nne la humanite, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, linalofanya Mtihani wa Taifa wa kupata diploma. Mzazi wa mtahiniwa aombe kuiona kwa macho yake orodha ya usajili wakati bado inaweza kurekebishwa, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, na aisome herufi kwa herufi: mpangilio wa majina matatu, jinsia, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kakule aliyeandikwa Kakulu kwenye orodha hiyo atakuwa Kakulu kwenye diploma, na kulirekebisha jina hilo baadaye kunadai safari, barua na gharama ambazo mzazi angeziepuka kwa kusimama nusu saa mbele ya meza ya direkta mwezi wa Februari.